Amplifaya, wufa na spika: Namna ya kuvipatanisha sebuleni bila kuunguza hela

Lushoto. Viazi vimeuzwa, hela iko mfukoni, na safari hii familia imeamua sebule ipate muziki wa maana. Amplifaya inanunuliwa Tanga mjini, wufa ya inchi 12 inapatikana kwa fundi, na spika mbili ndogo zipo nyumbani tangu enzi za redio ya zamani. Mzigo unapakiwa kwenye gari, unapanda kilomita 33 za kona kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini, kisha bodaboda inamalizia safari ya kijijini.

Jioni waya zinaunganishwa. Saa ya kwanza ni raha tupu. Saa ya pili spika ndogo zinaanza kukwaruza. Saa ya tatu kuna harufu ya kitu kinachoungua, halafu kimya.

Katika mfano huu hakuna kifaa kilichotoka dukani kikiwa kibovu. Vilikuwa vizima vyote, ila havikupatana. Na kupatana kwa amplifaya, wufa na spika hakutegemei ile namba kubwa ya wati iliyobandikwa mbele. Kunategemea maswali matatu: spika zina omu ngapi, wati za kweli ni ngapi, na nani anapiga sauti ipi.

Kwa anayeishi kwenye milima ya Usambara, maswali haya yana uzito zaidi. Fundi anaweza kuwa mbali, kurudisha mzigo dukani ni nauli nyingine, na nyumba nyingi zinategemea sola. Kukosea mara moja kunaweza kula faida ya msimu mzima.

Kwanza tuelewane majina

Mtaani neno "sabufa" ni seti nzima: boksi kubwa lenye amplifaya ndani pamoja na vispika vyake vidogo. Kwa fundi, sabufa ni ile spika ya sauti nzito sana tu. Kutofautisha haya mawili kunakusaidia usiuziwe kitu ambacho hukukitaka.

Wufa ni spika kubwa ya besi, mara nyingi ya inchi 6 na nusu hadi 15. Twita ni kispika kidogo cha sauti nyembamba, kama kayamba na sahani za ngoma.

Fulurenji ni spika moja inayojaribu kupiga sauti zote, kuanzia nzito hadi nyembamba. Redio ya zamani yenye spika moja ilitumia fulurenji, na ndiyo maana sauti ya mtangazaji ilisikika vizuri lakini besi haikutingisha kitu.

Sikio la binadamu lenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Waya mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne hupiga hezi 41. Sauti ya mwanaume anayeongea huanzia kama hezi 85, ya mwanamke kama hezi 165.

Kwa hiyo fulurenji ndogo ya inchi 3 au 4 inaweza kubeba maongezi, taarifa ya habari, kaswida na sehemu kubwa ya kwaya bila shida. Inapolemewa ni pale besi la dansi, taarabu ya kisasa au singeli linaposhuka chini ya hezi 100.

Kwa nini spika ndogo hufa ikilazimishwa besi

Sababu ni ya kifizikia. Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa. Ili itoe ukubwa uleule wa sauti kwenye hezi 50 kama ilivyofanya kwenye hezi 100, koni yake lazima isogee mara nne zaidi. Ukishuka hadi hezi 25, ni mara 16.

Koni ya inchi 4 haina nafasi hiyo. Inagonga mwisho wa safari yake, inakwaruza, na koili iliyo nyuma yake inapata joto. Ukiendelea kuongeza sauti, koili inaungua au inachubuka kwenye sumaku.

Hapo ndipo wufa inapohitajika. Faida yake ni mbili: inaleta besi, na inaipunguzia mzigo fulurenji. Lakini faida ya pili inapatikana tu kama besi imezuiwa isiende kwenye fulurenji. Wengi huongeza wufa na kuacha spika ndogo ziendelee kupokea kila kitu. Besi inasikika, spika zinakufa vilevile.

Swali la kwanza: Omu ngapi?

Geuza spika, soma mgongoni kwenye sumaku. Utakuta omu 4, 6 au 8. Hiki ndicho kiasi cha upinzani ambao spika inaupa umeme wa amplifaya. Omu zikipungua, umeme unaopita unaongezeka.

Chukua amplifaya inayotoa voti 20. Kwenye spika ya omu 8 itapitisha ampea 2.5 na kutoa wati 50. Kwenye omu 4 itapitisha ampea 5 na kutakiwa kutoa wati 100. Kwenye omu 2 ni ampea 10 na wati 200.

Tatizo ni kwamba amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4 haina uwezo wa kubeba hizo ampea 10. Transista zake zinachemka, fyuzi inakatika, au chipu inapasuka.

Watu hufika omu 2 bila kujua. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, jumla yake ni omu 2. Mbili za omu 8 zikiunganishwa hivyo zinakuwa omu 4. Zikiunganishwa kwa kupokezana, yaani hasi ya kwanza iingie chanya ya pili, omu zinajumlishwa: mbili za omu 4 zinakuwa 8.

Kanuni ni rahisi: angalia mgongoni mwa amplifaya imeandikwa inaruhusu omu ngapi kwa kila upande, na usishuke chini ya hapo. Kupanda juu hakuna madhara, ila sauti itapungua kidogo.

Kama maandishi yamefutika, kwa mfano kwenye spika za mtumba, tumia mita ya fundi. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Usishangae namba kuwa ndogo kuliko iliyoandikwa, kwa sababu mita hupima waya wa koili tu spika ikiwa imetulia. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, iache.

Onyo kwa wanaoongeza spika kwenye seti ya sabufa

Kuna tabia ya kununua seti ya sabufa, kisha kuchomoa vispika vyake na kuchomeka maspika makubwa ya zamani, wakati mwingine mawili kila upande. Kabla ya kufanya hivyo soma omu za vispika vilivyokuja na seti. Vipya visiwe na omu chache kuliko hivyo.

Pia usiunganishe pamoja waya hasi za kushoto na kulia. Amplifaya nyingi za kisasa zina chipu ambazo pande zote mbili za waya wa spika zina umeme. Hasi ya hapo siyo "asi" ya kawaida. Ukiigusisha na nyingine au na bodi ya chuma, unaweza kuiua papo hapo.

Ukitaka muziki mkubwa zaidi ya uwezo wa seti, njia salama ni kuongeza amplifaya nyingine. Chukua sauti kwenye simu, televisheni au deki, uigawe kwa matundu mekundu na meupe, kila amplifaya ibebe spika zake. Usitoe waya wa spika wa amplifaya moja ukauingiza kwenye matundu hayo ya nyingine. Matundu hayo hupokea umeme mdogo sana.

Swali la pili: Wati zipi ni za kweli?

Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO. Mgongoni, kwa maandishi madogo, imeandikwa hula wati 60 za umeme. Haiwezekani kifaa kinachokula 60 kikapiga 10,000 muziki mzima.

PMPO ni namba ya biashara, haina kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote. Namba ya kuangalia ni RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa au kuzipokea mfululizo. Kama RMS haijaandikwa, tumia zile wati kinazokula. Amplifaya za mtindo wa zamani hubadilisha kama nusu ya umeme kuwa muziki, nyingine inapotea kama joto. Za kisasa zinazoitwa daraja D zinaweza kufika asilimia 85 au zaidi.

Kwa hiyo seti inayokula wati 60 itakupa takriban 30 hadi 50 za kweli. Na hizo kwa sebule ni nyingi kuliko unavyofikiri.

Wati zikiongezeka mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Ndiyo maana kutoka amplifaya ya wati 50 hadi ya 100 huwa hakuna maajabu, hela tu ndiyo inayopanda.

Namba yenye msaada zaidi ni wepesi wa spika wenyewe. Huandikwa kwa desibeli, ikionyesha sauti inayotoka umbali wa mita moja kwa wati moja. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 1 inatoa sauti sawa na spika ya desibeli 84 iliyopewa wati 4. Ukichagua spika nyepesi, umeokoa hela ya amplifaya.

Hapa pia ndipo wufa na fulurenji hugombana. Fulurenji ikiwa na desibeli 92 na wufa 86, zikipewa umeme sawa, besi itafunikwa. Wufa ingehitaji wati mara nne ili zilingane. Dawa yake ni kuipa wufa amplifaya yake yenye kitasa chake cha sauti.

Amplifaya ndogo inaweza kuua spika kubwa?

Ndiyo, inaweza. Ukiikamua amplifaya ndogo hadi mwisho, inashindwa kufikia vilele vya muziki na kuvikata. Sauti inakuwa ya kukwaruza, na wastani wa umeme unaoingia kwenye spika unapanda kuliko kawaida. Twita ndizo hutangulia kufa.

Kwa nyumbani, tafuta amplifaya ambayo RMS yake inakaribiana na ya spika. Kisha fuata masikio: sauti ikianza kukwaruza, rudisha nyuma. Kukwaruza ndiyo taarifa ya mwisho kabla ya harufu.

Ukweli kuhusu amplifaya za voti 12

Kwa wanaotumia sola, amplifaya ndogo za voti 12 zinavutia kwa sababu hazihitaji inveta. Lakini baadhi huandikwa wati 300 au 600, na hapo hesabu inakataa.

Amplifaya ya voti 12 isiyo na sehemu ya kupandisha voti ndani yake, hata ikitumia chipu ya kisasa inayosukuma pande zote mbili za waya, haiwezi kuzidi wati 18 safi kwenye spika ya omu 4. Kwenye omu 8 ni wati 9.

Amplifaya kubwa za magari hutoa zaidi kwa sababu zina sehemu ya kupandisha voti. Hizo ni nzito, zina mapezi ya kutoa joto, na hudai waya mnene wa betri. Ukishika kiboksi chepesi chenye waya mwembamba kinachodai wati 600, umeshapata jibu.

Habari njema ni kwamba wati 18 kwa kila upande, zikiwa na spika nyepesi, zinatosha kabisa kusikiliza muziki nyumbani.

Swali la tatu: Nani anapiga nini?

Kugawa sauti ni kazi ya krosova. Inaiambia wufa ibaki na sauti nzito, na fulurenji ibaki na zilizosalia. Kwa sebule, mpaka mzuri ni kati ya hezi 80 na 120. Fulurenji za inchi 3 zinaweza kuhitaji mpaka wa hezi 150 au 200.

Ukipandisha mpaka hivyo, iweke wufa karibu na katikati ya spika mbili. Sikio haliwezi kutambua kwa urahisi besi ya hezi 60 inatoka kona gani, ila ya hezi 200 linaitambua. Wufa ikiwa mbali, utasikia mwimbaji yuko mbele na kifua chake kiko kwenye kona ya mlango.

Njia ya bei nafuu ya kuilinda fulurenji ni kapasita moja kwenye waya wake chanya. Kwa spika ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 200 huanza kupunguza besi kuanzia kama hezi 100 kushuka chini. Kwa spika ya omu 4 unahitaji kama 400 kupata mpaka huohuo.

Kapasita hiyo iwe ile isiyo na chanya na hasi. Kama haipo, fundi anaweza kuchukua mbili za kawaida za maikrofaradi 470, zenye voti 50 au zaidi, akaziunganisha hasi kwa hasi. Zinakuwa kama moja ya 235, yenye mpaka wa karibu hezi 85 kwa omu 8.

Kwa upande wa wufa, kuzuia sauti nyembamba kwa koili kunahitaji shaba nyingi. Mpaka wa hezi 100 kwa omu 8 hudai koili ya karibu milihenri 13, kitu kizito na cha gharama. Rahisi zaidi ni bodi ya amplifaya ya sabufa yenye kitasa cha kuchagua mpaka. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea amplifaya mbili: moja ya fulurenji, nyingine ya wufa.

Jaribio la betri ya redio

Kuna kosa dogo linaloua besi bila kuunguza kitu: waya zilizogeuzwa. Spika moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inafutika. Mtu anadhani amplifaya ni dhaifu, anaenda kununua nyingine.

Chukua betri ya redio ya voti 1.5. Gusisha chanya yake kwenye chanya ya spika, na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni ya wufa ikitoka mbele, alama ni sahihi. Ikirudi nyuma, alama zimegeuzwa. Weka rangi au fundo kwenye waya usije ukasahau.

Kati ya wufa na fulurenji, piga wimbo wenye besi, kisha geuza waya za wufa. Bakisha upande unaoleta besi iliyojaa zaidi pale unapokaa.

Boksi ni nusu ya spika

Wufa isiyo na boksi haina besi. Hewa ya mbele inapoisukuma, ya nyuma inavutwa, na zinakutana na kufutana. Boksi kazi yake ni kuzitenganisha. Mwaustralia Neville Thiele alichapisha mwaka 1961 hesabu zilizoonyesha namna ya kulinganisha spika na boksi lake, na hadi leo vipimo vinavyotolewa na watengenezaji wa wufa vinabeba jina lake na la Richard Small.

Lushoto ina bahati ya mbao. Shamba la miti la Serikali la Shume liko ndani ya wilaya, na mafundi seremala wapo. Ila mbao ya msindano ikiwa mbichi inapinda na kupasuka ikikauka ndani ya nyumba. Upenyo ukitokea kwenye maungio, boksi linapiga filimbi na besi inavuja.

Tumia mbao iliyokauka au plaiwudi ya milimita 18. Gundi kila kiungo, kaza kwa skrubu, kisha ziba ndani kwa silikoni. Kwa wufa ya inchi 8, kama huna vipimo vya mtengenezaji, boksi lililozibwa la lita 20 hadi 30 ni mwanzo mzuri. Boksi lenye upana wa sentimita 30, kina cha 30 na urefu wa 35 kwa ndani lina lita 31.5.

Tundu la kupumua huongeza besi, lakini lazima lipigiwe hesabu ya wufa husika. Likikosewa, besi inakuwa ya kuvuma noti moja tu. Kama huna uhakika, ziba.

Na kumbuka ukungu. Koni za karatasi hunywa unyevu, na boksi lililoegemezwa kwenye ukuta wenye maji litaota ukungu na kufura. Liinue juu ya vigingi na liache nafasi ya vidole vinne ukutani.

Kona ya chumba ni besi ya bure

Kabla ya kununua wufa kubwa zaidi, isogeze ya sasa kwenye kona. Kila ukuta ulio karibu unaweza kuongeza hadi desibeli 6 za besi, sawa na kuongeza wati mara nne.

Kwenye nyumba ya bati, besi pia itatingisha misumari iliyolegea, vioo na vyombo vya kabatini. Kabla hujamlaumu fundi kwamba wufa inakwaruza, mtu mmoja aguse vitu hivyo wimbo ukiendelea.

Umeme na usalama

Umeme wa gridi nchini ni voti 230. Unaporudi baada ya kukatika unaweza kuja kwa kuruka. Ukikatika, zima amplifaya, subiri utulie, kisha washa sauti ikiwa chini.

Kwa sola, piga hesabu ya betri kwanza. Betri ya voti 12 na ampea-saa 100 ina kama wati-saa 1,200, na ile ya asidi haifai kutumika zaidi ya nusu. Una 600. Mfumo unaokula wastani wa wati 30 utapiga saa 20. Unaokula 150 utapiga saa 4, na inveta nayo inakula sehemu yake. Miezi ya baridi na ukungu, paneli huchaji kidogo, hivyo taa za watoto kusomea zisije zikazimwa na besi ya jana usiku.

Fyuzi ikikatika, weka yenye ampea zilezile. Kuweka kipande cha waya badala yake ni kuondoa mlinzi: kitakachoungua baadaye ni transfoma, na pengine dari.

Waya wa spika nao una omu zake. Waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba wenye urefu wa mita 10 una karibu omu 0.7 kwenda na kurudi. Kwenye spika ya omu 4, kama asilimia 15 ya nguvu inapotelea njiani. Wa milimita 1.5 unatosha kwa sebule nyingi.

Jirani wa ng'ambo ya bonde

Besi hupita ukutani kirahisi kuliko sauti nyembamba, na usiku wenye utulivu kwenye mabonde ya Usambara inafika mbali. Tanzania ina kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMC, na sebule haina kibali maalumu.

Kwa masikio yako mwenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwa desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki.

Mfano wa seti inayopatana

Kwa sebule ya mita 4 kwa 4: fulurenji mbili za inchi 4, omu 8, desibeli 88, wati 20 RMS. Amplifaya ya wati 20 kwa kila upande. Kapasita ya maikrofaradi 200 kwa kila fulurenji.

Wufa moja ya inchi 8 kwenye boksi lililozibwa, na amplifaya yake ya wati 50 hadi 80 RMS yenye kitasa cha mpaka kikiwekwa kwenye hezi 100. Iweke kona iliyo karibu na spika.

Seti hii itafikisha zaidi ya desibeli 90 kwenye kochi lililo umbali wa mita 3. Hiyo tayari ni sauti ambayo watu wawili hawawezi kuongea bila kupaza.

Na kama nyumba yako husikiliza zaidi habari, mahubiri, kaswida na kwaya, anza na fulurenji mbili nzuri na amplifaya ndogo. Wufa inaweza kusubiri mavuno yajayo.

Kabla ya kulipa

Soma omu za spika na zinazoruhusiwa na amplifaya. Tafuta RMS, au wati zinazoliwa. Sukuma koni taratibu kwa vidole vyote sawasawa, isikilize: ikichubuka ndani, koili imeshaharibika. Omba ipigwe dukani kwa dakika kumi na spika za omu zilezile ulizonazo nyumbani, kisha gusa amplifaya kuona kama imechemka.

Dakika hizo kumi ni fupi kuliko safari ya kurudi Mombo na amplifaya iliyoungua mgongoni.